Mikono Iliyoacha Kutetemeka

Papa Faustin wa Mangobo alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kila asubuhi alimeza kidonge chake, kisha akala lituma, ndizi za kuponda alizopika mke wake, Philomène. Akichelewa kula, mikono ilimtetemeka. Hapo alijua sukari imeshuka, akatia kitu mdomoni.

Mwaka ule moyo pia ulianza kumsumbua. Daktari alimwuliza kama ana dawa nyingine. Papa Faustin akasema hapana. Kwake, sukari na moyo vilikuwa mambo mawili mbali kabisa. Akapewa dawa ya moyo, na mikono ikatulia.

"Philo, ugonjwa wa sukari ulishaisha! Angalia, mikono haitetemeke tena."

"Bon. Lakini kula, papa."

"Nitakula nikirudi."

Ilikuwa Jumamosi, siku ya salongo, kazi ya pamoja, na mtaa mzima ulichimba mtaro. Kwa mazoea, Papa Faustin alikuwa amemeza vidonge vyake, cha sukari na cha moyo, tumbo tupu. Jasho lilimtoka, lakini nani hakutoka jasho? Baadaye akaanza kuufukia mtaro uliochimbwa na wenzake. Watu wakacheka, wakidhani amelewa.

"Papa alikunywa lotoko!"

Philomène hakucheka. Alimshika mumewe shingoni, akakuta jasho la baridi. Hofu ikamwingia. Akamwita jirani yao Pélagie, muuguzi wa dispensari.

"Anaweza kumeza?" Pélagie akauliza. "Bon, maji ya sukari, mbio! Angekuwa amezimia, tusingemupa kitu mdomoni. Tungemupeleka hospitali."

Papa Faustin akanywa. Polepole akili ikamrudia. Aliona aibu, akamtajia Pélagie dawa zake mbili.

"Dawa ya moyo inaficha kutetemeka," Pélagie akamweleza. "Sukari ikishuka, jasho tu ndilo linabaki."

"Donc niitupe?"

"Hapana! Ukiiacha ghafla, moyo utaumia. Kula sasa. Halafu peleka dawa zote mbili kwa munganga wako wa hospitali. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Jumatatu Papa Faustin alimwonyesha daktari dawa zote. Daktari akampunguzia ya sukari, akamkataza kuimeza kabla chakula hakijawa tayari.

Salongo iliyofuata alikuja ameshiba lakini amechelewa kwa kula, akafokewa na mkubwa wa mtaa. Katikati ya kazi akahisi jasho la baridi. Akaweka jembe chini mbele ya watu wote.

"Mama Philo, unipe ndizi. Sukari yangu inashuka."

Safari hii hakuna aliyecheka. Alikula, akapumzika, na mchana akarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe.