Koja la Tatu

Mafundo yalikuwa yamegeukia kushoto. Mtu mwingine asingeona tofauti, lakini Thamarai alikuwa akifunga maua tangu utotoni, na vidole vyake vilijua kabla ya macho yake. Aliinua koja la asumini kutoka kikapuni akalipitisha mkononi polepole. Toka mwanzo hadi mwisho, kila fundo lilizunguka upande wa kushoto.

"Mama, hili umefunga wewe?"

Mama yake, Rasathi, alikuwa amechutama mlangoni akichora maua ya kizingiti kwa unga wa mchele. "Lipi?"

"Hili hapa. Jana tulifunga mawili tu ya hekaluni, la Bwana na la Valli. Leo kikapuni yamo matatu."

Rasathi alilitazama koja, kisha akarudisha macho kwenye unga wake. "Labda Ponnamma wa jirani ametusaidia."

"Ponnamma? Yule hajakisaidia hata kivuli chake."

Mama hakucheka. Katika nyumba ile ni mtu mmoja tu aliyewahi kufunga maua kwa mkono wa kushoto, naye sasa alikuwa ukutani, ndani ya fremu, na koja limetundikwa juu ya picha yake kama wanavyofanyiwa marehemu wote. Alikuwa Poongodi, binti mkubwa wa Rasathi. Homa ilimchukua mwaka uliopita, harusi yake ikiwa imekaribia, pande mbili zimeshapeana tambuu na siku imeshatajwa. Na kwa kuwa tambuu likishatafunwa halirudi kuwa jani, wazee walikaa, wakashauriana, wakamhamishia bwana harusi kwa mdogo mtu. Hivyo ndivyo Thamarai alivyoolewa na Ilango, mwanamume aliyekuwa akimwita shemeji.

Ilango alikuwa mpole, tena mcheshi. Alihamia kwa wakwe zake, kwa sababu nyumba ilikuwa ya wanawake pekee na maua ya hekaluni hayangoji mtu. Majirani wakamwita mkwe wa jikoni. Yeye akawajibu kwamba jikoni ndiko kwenye chakula, wao wabaki sebuleni na heshima zao. Thamarai alimpenda taratibu, kwa woga kidogo, kama anayekalia kiti cha mtu aliyetoka mara moja. Sasa alikuwa na mimba, na ule woga ulikuwa umeanza kumtoka.

Mji ulikuwa katika shamrashamra za harusi ya Valli. Pale chini ya kilima kila mtu humhesabu Valli kuwa binti yake, kwa sababu alilelewa na wawindaji wa kilima hicho, akilinda mawele juu ya dungu, akifukuza kasuku kwa kombeo na kwa wimbo, mpaka Bwana wa kilimani, Murugan, mungu mwenye mkuki, alipomwona akarukwa na akili, akajigeuza kikongwe na kuja kumwomba asali na unga wa mawele. Kila mwaka watu wa mji huwaoza upya hekaluni. Nyumba ya Rasathi ndiyo hufunga makoja mawili wanayovishana bwana na bibi harusi. Na kila mwaka mwanamwali mmoja hupandishwa dunguni aigize Valli akifukuza ndege. Mara ya mwisho aliyepanda alikuwa Poongodi, na watu walisema hajawahi kuonekana Valli mzuri kama yule.

Thamarai alilitupa koja la tatu nyuma ya zizi. Mbuzi wa Ponnamma, anayekula hata kamba iliyomfunga, alilinusa akarudi kinyumenyume.

Mchana, jua lilipokuwa utosini na njia zikawa tupu, alimsikia mtu akiimba juu ya paa. Ni saa ambayo wanawake wa pale hawatoki na maua kichwani, kwa kuwa wasio na kaburi hutembea saa hiyo na hupenda harufu yake. Sauti ilikuwa nyembamba, ya kuvuta, kama ya mtu anayefukuza ndege shambani: "Aaalo, aaalo." Hapakuwa na ndege. Hapakuwa na shamba. Thamarai aliingia chumbani alikolala Ilango, na harufu ya asumini ikampiga usoni, harufu nzito ya maua yaliyolala kucha juu ya kitu baridi, na kadiri alivyokaribia mkeka ndivyo ilivyozidi, ikamjaa puani na kooni mpaka ikawa ladha, na ule wimbo ukashuka kutoka paani ukaingia ukutani, ukatoka ukutani ukaingia chini ya mkeka, na mumewe, macho yakiwa yamefumba, akatabasamu akasema, "Subiri, Poongodi. Navaa."

Alipomtikisa, Ilango aliamka akauliza kama chakula tayari. Mwili wake ulikuwa moto kama kaango.

Kesho yake hakuweza kusimama. Ponnamma alikuja kununua maua, akachungulia ndani kwa udaku wake wa kila siku.

"Mwenzangu, mkwe wa jikoni leo amegoma? Au mmemlisha mpaka ameshindwa kuinu..."

Hakumaliza. Alikuwa anatazama ukuta. Thamarai naye akageuka. Picha ya harusi yao, yeye na Ilango, ilikuwa imetundikwa koja jipya, maua yakiwa bado na umande. Halikuwa limewafunika wote wawili. Lilikuwa limesogezwa upande, kwa uangalifu, likamzunguka Ilango peke yake.

"Nani ametundika hilo?" Ponnamma alinong'ona. "Mtu mzima anapumua mle ndani, nyie mmemvika koja la marehemu?"

"Sijui, dada."

"Hujui? Basi mimi najua, na kwa hiyo natoka. Sitaki maua yenu leo. Mwiteni Sadaiyan kabla jini hilo halijamaliza kazi yake."

Sadaiyan alikuwa mganga wa kijumba cha ibada cha Valli kule juu kilimani, mzee mkavu mwenye kingoma kidogo chenye kiuno chembamba kama nyigu. Alifika siku yenyewe ya harusi ya Valli, asubuhi. Alipaka majivu kwenye paji la uso la Ilango, akatandaza majani ya mwarobaini, akawasha kafuri, kisha akaanza kupiga kingoma na kuuliza kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeuliza bei.

"Nani wewe?"

Midomo ya Ilango ilifunguka. Iliyotoka ilikuwa sauti ya mwanamke, na Rasathi akaketi chini ghafla.

"Mnanijua. Msijifanye wageni."

"Unataka nini kwa mume wa mtu?"

"Mume wa nani? Tambuu lililiwa kwa jina langu." Sauti ikacheka kidogo. "Sadaiyan, wewe ndiye mtunza nyumba ya Valli. Bwana wa kilimani ana wake wangapi?"

Mzee alisita. "Wawili."

"Na zamani, kabla ya kuzaliwa duniani, hao wawili walikuwa nani?"

"Mtu na dada yake," mzee alijibu chini chini, maana ndivyo wimbo wa hekaluni unavyosema, na kila mtoto wa pale anaujua.

"Basi mbona kwangu iwe ajabu? Mimi simkatai mdogo wangu. Leo Valli anaolewa, nami naolewa. Yeye atabaki na mwili auchome. Mimi nitaondoka na kilichomo."

Thamarai alishika tumbo lake. Tangu wadogo hakuwahi kumshinda Poongodi kwa maneno.

Sadaiyan aliacha kupiga. Aliwatoa wanawake wale wawili nje ya chumba, akawasogelea.

"Mzuka haurudi nyumbani bila kuitwa. Nani alimwita?"

"Hakuna," Thamarai alisema. "Nani amwite?"

Rasathi alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya sari. "Ni mimi," alisema. "Siku ile walipoinua machela. Walikuwa wanamtoa mlangoni, na mimi nilikuwa hapa, hapa nilipokaa. Nikamwambia nenda urudi."

Mganga alifumba macho. Pale kwao hakuna anayesema naenda. Mtu akitoka hata kwenda kisimani husema naenda nirudi, na anayebaki humjibu nenda urudi. Ukisema nenda peke yake umemtakia mtu kifo. Ni maiti tu ndiye huondoka bila neno la pili, na hata wendawazimu wa mji ule hawajawahi kukosea hapo.

"Mdomo ulizoea, babu," Rasathi alisema. "Siku zote za maisha yake hakuwahi kuvuka kizingiti hiki bila kuambiwa hivyo. Ningemwambiaje vingine?"

"Utamwambia leo." Mzee hakupandisha sauti. "Mdomo uliomwita ndio unaoweza kumwondoa. Utasimama mlangoni umwambie nenda. Neno moja. Na uliseme kabla Bwana hajamfunga Valli uzi wa ndoa. Unajua kwa nini fundo likifungwa ngoma zote hupigwa kwa nguvu?"

"Ili neno baya lisisikike."

"Basi. Zikishapigwa hatakusikia. Atahesabiwa bibi harusi kama Valli, na bibi harusi haondoki mikono mitupu."

Walikaa mlangoni, mama na mwana, mganga akabaki ndani na mgonjwa. Jua lilipanda. Kule kilimani zumari zilikuwa zinalia, tena zinakaribiana, na watu wote walikuwa huko, hata mbwa, hivi kwamba barabara ilinyooka nyeupe na tupu mpaka mwisho wake. Harufu ya asumini ilitoka chumbani ikapita katikati yao. Unga wa mchele kwenye kizingiti, ule Rasathi aliouchora alfajiri, ukaanza kufutika polepole, ua baada ya ua, kana kwamba mtu alikuwa amesimama juu yake akibadilisha mguu.

"Amekonda," Rasathi alisema.

"Mama, usimtazame."

"Amekonda, mwanangu. Na nywele zake hazijachanwa. Nani anamchana huko?"

"Mama, sema. Zumari zinakaribia kunyamaza."

"Ameshika koja lake. Ameharibu mikono yake kwa kufunga."

Ndani, Ilango alikoroma kwa shida, pumzi ikakatika, ikarudi, ikakatika tena, na Thamarai akaisikia sauti ya mganga ikiomba haraka haraka, na kule kilimani zumari zikanyamaza, na ule ukimya ukateremka ukafunika paa na barabara na zizi, ukimya ambao kila mtu pale chini anaujua, kwa kuwa ndio ule wa wakati kuhani anaposhusha uzi wa manjano shingoni mwa Valli na wapiga ngoma wote wanashikilia fimbo hewani wakiingoja ishara yake.

"Mama," Thamarai alisema, akilia sasa. "Mimi pia ni mwanao."

Rasathi alimgeukia, akamtazama kama aliyekuwa amemsahau. Halafu akaukabili mlango.

"Nenda," alisema.

Lakini mdomo wake haukufunga. Thamarai aliuona umebaki wazi, ukitetemeka, kama mlango ambao mtu hajaurudishia, na akajua ni neno gani lilikuwa nyuma ya meno. Aliruka akamziba mama yake kwa kiganja. Wakati huo huo ngoma zikapasuka kilimani, zote pamoja, zumari juu yake, ardhi ikatikisika, hapakuwa na sikio duniani ambalo lingesikia kitu. Masikio ya Thamarai hayakusikia. Kiganja chake ndicho kilichohisi midomo ya mama, mikavu, ikijikunja na kujifungua, taratibu, mpaka neno likaisha.

Ngoma zilipotulia, harufu ilikuwa imekwisha. Sadaiyan alitoka akijifuta jasho kwa ncha ya nguo.

"Homa imekatika. Ameomba uji." Alimtazama Rasathi. "Ulisema?"

"Nilisema."

Mzee alichukua kingoma chake akashuka barabarani bila kuaga, kama wafanyavyo waganga, wala wao hawakumwitikia.

Thamarai alipika uji wa mchele, akatia chumvi na kitunguu kibichi kama Ilango alivyopenda. Mama yake aliketi pembeni ya jiko akivunja vijiti visivyohitaji kuvunjwa.

"Mama. Baada ya nenda, ulimwambia nini?"

"Nilisema nilichoambiwa niseme."

"Kiganja changu kilisikia."

Rasathi aliendelea kuvunja vijiti. "Basi kinyamaze," alisema. "Wewe nawe utazaa. Siku hiyo njoo uniulize tena."

Thamarai alimimina uji kwenye bakuli, akaupoza kwa kuumimina tena na tena kutoka chombo hadi chombo, akajiambia kwamba ngoma zilikuwa kubwa, zilifunika kila kitu, na kwamba harufu imekwisha, imekwisha kabisa, na mumewe anaomba kula. Alikuwa bado anajiambia hivyo Ilango alipomwita kutoka chumbani kwa sauti yake mwenyewe, nyepesi, ya mtu aliyepona.

"Thamarai, mwambie dada yako aache kunipepea. Sasa nasikia baridi."