King'ora cha Saa Nne

Boram alikuwa anapika wali wa asubuhi. Binti yake Yesol, mwenye miaka mitano, alikuwa anapanga vijiko mezani. Sufuria ya mvuke ikaanza kupiga mbinja.

Ghafla Yesol akaganda. Kijiko kikabaki hewani. Hakupepesa macho wala hakupumua.

"Yesol! Una nini? Pumua!"

Mtoto alikuwa anatazama nyuma ya bega la mama yake, ukutani. Mbinja ilipokatika, akanong'ona, "Shh, mama. Walikuwa wanapita."

Boram akageuka. Hapakuwa na mtu. Akayatambua maneno yale: yalikuwa yake mwenyewe.

Jioni alimweleza jirani yake Geumhi, mwalimu wa chekechea.

"Dada, ni mwaka jana, Siku ya Kumbukumbu ya Vita. King'ora kinalia, watu wamesimama kimya, yeye anarukaruka barabarani! Nikaona haya. Nikamwambia, 'Tulia! Wafu wanapita, watakuchukua!'"

"Lo! Mdomo huponza kichwa, lakini wako umemponza mtoto."

"Na kesho kutwa kinalia tena. Nifanyeje?"

"Mweleze mapema. Kinapigwa na watu, saa nne asubuhi, dakika moja tu. Mwambie tunamkumbuka nani, na umtaje kwa jina. Akiuliza, mjibu ukweli kwa maneno machache."

Usiku huo Boram akampakata mtoto. Akamsimulia habari za Chilsong, baba wa babu yake Yesol. Alikwenda kwenye vita vya Kusini na Kaskazini akiwa kijana, akaacha mke mja mzito. Mifupa yake bado iko mlimani, haijulikani wapi.

"Anatutafuta?" akauliza Yesol.

"Hapana. Sisi ndio tunamtafuta."

Siku ikafika. King'ora kikalia juu ya mapaa, kirefu, kama kinatoka ardhini. Basi likasimama. Muuza matikiti akabaki na kisu mkononi. Jua lilikuwa kali. Boram akamtazama binti yake kwa hofu. Yesol alikuwa amesimama wima, anapumua vizuri. Midomo yake ikasema taratibu, "Chilsong."

King'ora kikanyamaza. Watu wakaendelea na safari zao.

"Mama, vita viliisha lini?"

Boram alitamani kudanganya. Akajizuia.

"Havijaisha, mwanangu. Mapigano yamesimamishwa tu, yanaweza kuanza tena."

"Yamesimama tu, kama sisi sasa hivi?"

"Kama sisi."

Yesol akaitazama milima ya kaskazini. Kisha akaukamata mkono wa mama yake.

"Basi asitikisike mtu."