Taa ya Chaji

Mwanzo lilikuwa jambo dogo, tena la kuchekesha: taa za mbele za gari la mama mkwe zilikuwa kali mno. Ukikanyaga mafuta, zinakodoka kama macho ya mtu aliyefumaniwa jikoni akidokoa nyama. Ukizidi kukanyaga, paa! Balbu imekufa. Na betri ilichemka, ikitoa harufu ya yai viza.

Fundi, ambaye ndiye mkwe, aliitwa Cheche, jina alilojipa baada ya kuona watu wanachelewa kumpa. Alikuwa ametengeneza magari kwenye bandari na migodi ya nchi za watu, na hakuwahi kula chakula ukweni bila kuzitaja zote. Lakini gari hili kuukuu, ambalo marehemu baba mkwe alilipenda kuliko baadhi ya wanawe, lilimtoa jasho. Alibadilisha alteneta, mashine inayozalisha umeme wa gari. Akabadilisha regulata, kile kiboksi kinachoiambia alteneta "basi, umeme umetosha". Akafuata waya mmoja mmoja na mita mkononi. Volti zikapita kumi na nne zinazotakiwa, zikapanda kumi na saba, kumi na nane, bila haya.

Mama mkwe akaja bandani na chai. Nyuma yake walikuwa shemeji wawili, wenye ndimi.

"Vipi, shemeji?" mmoja akauliza. "Au sasa tuite fundi?"

Wakaangua kicheko. Cheche akahisi masikio yanapata moto, na mdomo ukaitangulia akili.

"Mama, nisikufiche," alisema akishusha sauti. "Hili halihitaji spana. Lina jini."

Alidhani watacheka zaidi. Hawakucheka. Mama mkwe aliweka trei chini, akaugusa mlango wa dereva kwa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Jini," alinong'ona, "au ni yeye?"

Cheche aliinamia boneti. Alifungua betri, akasema anaipeleka karakana kuichaji, akaondoka. Na hakurudi.

"Mama siku hizi anakula garini," mke wake alimwambia baadaye. "Kila jioni. Anasema wanaongea. Amekonda, mume wangu. Ulimwambia nini?"

"Mimi? Nimwambie nini?" alijibu, huku akiitafuta kila mahali spana aliyokuwa ameishika.

Alikwenda mchana, ili jua liwe shahidi. Hata kabla ya kufika mlangoni pa banda, yai viza lilimpokea, ilhali betri aliyokuwa akiilaumu kwa harufu hiyo ilikuwa karakana, chini ya meza yake. Mama mkwe alikaa kiti cha abiria, amejitanda khanga nzuri. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Lakini kilikuwa kimebonyea.

Kwenye dashibodi, taa nyekundu ya chaji ilikuwa inawaka.

Cheche alifungua boneti, akaona vichwa vya nyaya vinaning'inia pasipo betri, havikugusa kitu, na bado nyaya zilikuwa zikivuma kwa sauti ndogo kama mtu anayeimba amefumba mdomo, na alipoifuata sauti ile kwa macho ikampeleka kwenye regulata, na chini ya regulata akaona kile ambacho mwanagenzi angekiona siku ya kwanza: rangi. Rangi yake mwenyewe, nyekundu, nzito, aliyoipiga gari zima kabla taa hazijaanza ukorofi, ili mama mkwe amsifu, akapaka hadi pale ambapo chuma cha regulata hugusana na chuma cha bodi, na regulata isiyo na ethi, yaani mguso huo wa chuma kwa chuma, haijui lini iseme basi.

"Shusha boneti, mwanangu," mama mkwe alisema. "Unamziba asione mbele."

"Mama, hebu shuka kidogo."

"Kesho tunatoka. Ameniomba nimrudishie betri, niwashe, nifunge vioo na mlango wa banda, tusipate vumbi."

Cheche alijua moshi wa injini hufanya nini kwenye banda lililofungwa. Akafungua mdomo, na kutoka kiti cha dereva kikaja kikohozi kikavu, kile kile cha marehemu.

"Samahani, mkwe," sauti ikasema kwa upole. "Tuache tu."

Magoti yake yakagusa sakafu yenye oili.

"Mama, nilidanganya. Sikuona jini yeyote. Ni rangi yangu, imeziba ethi. Nilishindwa kuona, nikaogopa kuchekwa. Baba hajarudi, mama. Huyo si baba."

Mvumo wa nyaya ukapungua.

"Kila jioni alikuwa ananiomba msamaha," mama mkwe alisema. "Kwa yote. Na mume wangu hakuwahi kuniomba msamaha hata akinikanyaga mguu." Alicheka kidogo, na kicheko kile kilimuuma Cheche kuliko kofi. "Nilijua si yeye. Nilitaka tu kusikia."

Akashuka. Taa ikazimika. Kiti cha dereva kikajiinua polepole, springi moja moja.

Cheche alikwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akakaza waya wa ethi, akaazima betri ya pikapu aliyokuja nayo ili apime. Volti kumi na nne, zimetulia. Mama mkwe alimtazama tangu mwanzo hadi mwisho. Hakumwambia pole wala asante. Chai haikuletwa.

Akairudisha betri kwenye pikapu, akapanda. Hajachomeka ufunguo, taa ya chaji ikawaka.

Alishuka, akaanza na ethi, kama alivyopaswa kuanza siku ile. Ilikuwa safi. Aliporudi, kiti cha abiria kilikuwa kimebonyea, na yai viza limejaa ndani.

"Samahani kwa usumbufu, mkwe," kitu kikasema.

Akatoa simu ampigie mkewe, kidole kikasita. Amwambie nini? Kwamba gari lina jini? Mama mkwe alikuwa bado amesimama mlangoni pa banda, anamwangalia, na oili ya pale alipopiga magoti kukiri uongo wake ilikuwa haijakauka kwenye suruali yake.

Akaurudisha mkono chini. Upande wa abiria, mpini wa kioo ukaanza kuzunguka wenyewe, taratibu, kioo kikapanda, wasipate vumbi.