Sauti Ndani ya Kompyuta ya Louis

Musonoi, kando ya Kolwezi, mtu hufuta vumbi asubuhi na mchana akafuta tena. Vumbi la mashimo ya shaba halina adabu. Huingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Bilonda alikuwa amelizoea, kama alivyoizoea baruti ya mchana ya kupasua miamba. Nyumba inatikisika, vikombe vinagongana, kisha kazi inaendelea.

Jambo ambalo hakulizoea ni kumsikia mume aliyemzika.

Mumewe Louis alikuwa mlinzi wa shimo. Kabla ya baruti, yeye ndiye aliyeonya watu kwa redio ya mkononi: "Tokeni! Batu bote batoke!" Jioni aliongoza kwaya nyumbani kwake, na nyimbo alizirekodi kwenye kompyuta ya mezani. Homa ilimchukua upesi. Siku ya kilio, kama ilivyo desturi, viti, meza na kompyuta vilitolewa ili wanawake wakae chini. Waya zilichomolewa mbiombio. Baada ya maziko, Mpoyi, mdogo wake Louis, alizirudisha kwa kubahatisha, na hakumuuliza mtu. Wanaume wengine ndivyo walivyo.

Tangu hapo, kila mchana, kompyuta ikiwa imezimwa kabisa, sauti nyembamba ya mwanamume ilitoka mezani. "Tokeni... batu bote batoke..." Kisha ardhi inatetemeka.

Bilonda alipoiwasha, mambo yalizidi. Kioo kilibaki cheusi. Ndani ya kasha kitu kililia: tiii... tiii... tiii. Aliizima upesi.

"Yaya, ni Louis," Mpoyi alimnong'oneza shemeji yake, aliyemwita dada mkubwa. "Anasema mutoke mu hii nyumba. Dimanche, siku ya kanisa, tutachoma hii kintu."

"Na nyimbo zake?" Bilonda akauliza. "Sauti yake yote iko mule. Mi sina ingine."

"Sauti ya mufu haifae kubakia mu nyumba, yaya."

Bilonda alimwogopa Louis yule wa mezani. Lakini kuichoma sauti yake ilikuwa kama kumzika mara ya pili. Akapanda pikipiki mpaka mtaa wa Manika, kwa Chancelle, fundi wa kompyuta karibu na soko. Kuuliza si ujinga.

Chancelle alifika mchana. Hajamaliza kusalimu, mezani pakasema: "Tokeni..."

Mpoyi alirudi nyuma mpaka mlangoni. Hata Chancelle nywele zilimsimama. Lakini aliinama, akafuata waya ya spika kwa kidole. Ncha yake haikuingia kwenye kompyuta. Ilikuwa imefungwa kwenye chuma cha dirisha.

"Tata Mpoyi, nani alifunga hii waya ku dirisha?" Chancelle akauliza, akimwita baba kwa heshima.

"Ni mi. Sikupata tundu yake. Nikasema isilale chini."

Chancelle akaifungua. Sauti ikakatika. Akaigusisha tena kwenye chuma. "...batoke..."

"Munasikia?" akasema. "Hizi spika ziko na kuran yao, umeme yao. Ukizima ordinatère, hii kompyuta yenu, zenyewe zinabakia macho. Chuma ya dirisha, sawa antena, njo inakamata redio ya balinzi ba ku shimo. Ule ni mulinzi mupya. Hapana tata Louis."

"Mulinzi mupya anasema maneno ya Louis?" Bilonda akauliza.

"Ni maneno ya kazi, mama. Kazi ilibakia."

Baruti ikalia. Kikombe kikatembea mezani. Bilonda alifarijika, kisha moyo ukamuuma, kwa sababu basi Louis kweli hayupo.

Chancelle akageuza kasha. "Muangalie mugongo yake. Hii tundu kubwa ni ya kuran. Hii ya bulu, yenye visi mbili, hizi skrubu, ni ya kioo. Ona, waya yake imeingia nusu, visi hazikukazwa, baruti inaitikisa. Hizi za bapa, USB, ni za klavye ya kuandikia na za suri, ile panya ya mukono. Hii ndogo ya kijani ni ya spika. Ya rozi, rangi ya waridi, ni ya mikro ya kuimbia. Kila waya iko na sura yake. Ikikatala kuingia, usilazimishe. Angalia tundu ingine."

"Na ile kilio?" Mpoyi akauliza, bado yuko mlangoni.

"Ile iko ndani. Kuya hapa, tata. Haiumake mutu."

Kwanza alichomoa waya ya umeme kabisa. Akabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe. Akagusa chuma kitupu cha kasha, ili umeme wa mwili usiharibu vipande vya ndani. Ndipo akafungua. Vumbi jekundu lilikuwa limelala ndani kama unga kinuni.

Alilitoa kwa brashi kavu, polepole, huku akionyesha. Ubao mkubwa ndio kadi mama, ambako vyote vinakutana. Chini ya feni kuna prosesa, inayofanya hesabu zote, na feni huipoza. Diski hutunza nyimbo hata umeme ukikatika. Kipande kirefu chembamba ni RAM, kumbukumbu ya kazi ya sasa tu. Kilikuwa kimeinama upande.

"Muliibeba siku ya kilio, ikalegea," Chancelle akasema. "Inalia sababu haione RAM yake. Hailie mufu."

Akachomoa kipande cha RAM, akafuta meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba ya shule, akakirudisha na kukibonyeza mpaka kikasema tak. Akafunga kasha. Mpoyi mwenyewe akachomeka waya, kila moja kwenye tundu lake, na kukaza visi za kioo.

Bilonda akawasha. Mlio mmoja mfupi, kioo kikang'aa. Diski ilikuwa salama. Akachagua wimbo wa mwisho.

Kwaya ikaanza kuimba, katika chumba kilekile. Ghafla Louis akaikatiza, waziwazi, kama mtu aliyesimama hapo: "Ngojeni. Bilonda! Funga mulango, vumbi inaingia mu ordinatère!"

Waimbaji wa siku ile wakacheka. Watu watatu wa leo waligeuka. Mlango ulikuwa wazi, na vumbi la baruti lilikuwa linaingia.

Bilonda akaenda, akaufunga.

Siku hizi, kabla ya baruti, anafunga mlango na kuzima kompyuta. Ikipoa anaifunika kwa kitambaa, na kabla ya kuiwasha anakiondoa ili ipate hewa. Haijalia tena. Jioni anaiwasha, kwaya inakuja, na anayeongoza bado ni Louis.