Sauti ya Rukaya na Simu ya Baba Yake

Ndugu zangu, haya nayaandika kwa ruhusa ya Salha, mama wa mtoto mwenyewe. Aliniambia, "Andika, Bi Batuli. Wenzetu wasome kabla hawajafika tulipofika sisi."

Sisi ni majirani hapa Majengo, Dodoma. Ua wao na wangu umetenganishwa na ukuta mfupi tu. Nyakati za alasiri, jua likipunguza ukali, Salha alikuwa akipepeta karanga, mwanawe mdogo Swalihu akitambaa juu ya mkeka, na Rukaya, mtoto wa miaka minane, akifagia huku akiimba kaswida. Hanifu, baba yao, aliuza nafaka sokoni. Akirudi alibisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe: "Hodi wenye nyumba, mgeni ana njaa!" Watoto wakacheka, na mimi huku upande wangu nikatabasamu.

Rukaya alikuwa na kigugumizi. Akizungumza, neno lilimkwama mpaka shingo ikamsimama. Lakini akiimba, halikukwama hata moja. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye siri yake. Mimi, tangu mume wangu afariki, nilifundisha watoto wa mtaa kaswida barazani kwangu baada ya swala ya alasiri, na Rukaya ndiye aliyekuwa akiwaongoza wenzake.

Wakati ule mji wetu ulikuwa umeanza kujaa watu wa ofisi kutoka Dar es Salaam, na karibu kila mtu alikuwa na simu ya kuchukulia video. Hanifu naye akanunua. Akafungua chaneli mtandaoni, akaiita Nyumbani kwa Hanifu. Alimrekodi mkewe akisonga ugali wa mtama, akamrekodi Swalihu akianguka na kuinuka. Kwa miezi miwili alipata watazamaji arobaini, wengi wao wajomba na mashangazi wa kijijini kwao Gulwe.

Siku moja akamgeuzia Rukaya simu. "Haya mwanangu, waambie watazamaji leo tunakula nini."

"Leo tu-tunakula ku... ku... ku... ku..."

Jogoo wa Salha, aliyekuwa akiparua jivu, akainua shingo. Akamjia mtoto mpaka miguuni, akamtazama kwa jicho moja, kisha akawika kama anayeitika. Msidhani najitoa: na mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Hata Rukaya mwenyewe siku ile alicheka.

Wiki moja haijaisha, video ile ilikuwa imetazamwa na watu elfu sitini. Hanifu akaja mbio mlangoni kwangu.

"Shikamoo, Bi Batuli! Unaona? Wapo wa Oman, wapo wa Kongo, wote wananitazama mimi, muuza mtama!"

"Marahaba, mwanangu. Wanakutazama wewe, au wanamtazama mtoto?"

"Aa, si ni kitu kimoja?"

Tangu hapo kila siku alimtafutia mtoto neno gumu. "Sema, kikapu cha kuku wa Kikuyu. Rudia. Rudia tena, mama." Watazamaji wakaongezeka. Shuleni wenzake wakampa jina, Kokoriko. Akitumwa nyanya, wauzaji walimzuia kwanza: "Hebu tuchekeshe, binti, ndipo tukupimie." Rukaya akajifunza kuonyesha kwa kidole.

Jioni moja wenzake walipoondoka, alibaki barazani. "Bi-bibi, ni-nisaidie."

Mimi si daktari, nimeishia darasa la saba. Nikamwambia, "Maneno yako yanapita kwenye wimbo. Basi tuyapitishe humo humo." Tukawa tunaimba salamu, tunaimba majina ya vyombo, tunaimba hata bei ya karanga. Kisha kidogo kidogo tukawa tunapunguza wimbo. Maulidi yalipokaribia, alisimama mlangoni kwangu akasema, "Shikamoo, bibi," na hakuna kilichokwama. Salha aliposikia alijifunika uso kwa ncha ya khanga akalia kwa furaha.

Hanifu naye akamrekodi. "Leo tunakula nini?"

"Leo tunakula kuku, baba."

Wasomaji wangu, mzazi gani asingeshukuru? Lakini watazamaji waliandika: "Mbona amepona?" "Hachekeshi tena." Wakaanza kuondoka, mamia kwa siku. Hanifu akaja barazani kwangu, mtoto nyuma yake.

"Bi Batuli, Rukaya atapumzika kaswida kidogo."

"Kwa nini? Maulidi ni wiki ijayo, na yeye ndiye anayeongoza."

Akatazama chini. "Watu wanampenda alivyokuwa. Wewe unamharibu."

"Namharibu? Mtoto anaongea, Hanifu!"

"Ndiyo," akasema taratibu. "Ndiyo hilo."

Rukaya alifungua kinywa aniambie neno. Baba yake akainua simu, naye akakifunga. Nilipaswa kupaza sauti, niende kwa imamu, niwaite wazee wa mtaa. Badala yake nilisema moyoni, yeye ndiye baba. Nikakunja mkeka wangu nikaingia ndani.

Tangu siku ile sikusikia tena kaswida upande wa pili wa ukuta. Nilimsikia Hanifu tu akimwambia mtoto aseme kama zamani, na kila simu ikiinuliwa, Rukaya alifunga kinywa.

Miezi miwili ikapita. Mchana mmoja Salha aliacha sufuria ya maharage inachemka uani, akaingia ndani kuchukua chumvi. Hanifu alikuwa ameiweka simu kwenye stendi yake irekodi yenyewe, naye ametoka mlangoni kuitikia mteja. Yaliyofuata nimeyaona kwa macho yangu, maana simu ile iliyachukua yote.

Swalihu alikuwa ameanza kutembea. Anaonekana akiliendea jiko. Rukaya anamwona. Anafungua kinywa. Kisha anageuza macho, anaitazama simu, na kinywa kinafungwa. Anakimbia. Anamfikia nduguye mkono wa mtoto ukiwa tayari umevuta sufuria. Alimsukuma, lakini maharage yalimwagikia Swalihu mguuni, na yeye Rukaya toka begani mpaka kwenye kiwiko. Swalihu alipiga yowe mtaa mzima tukatoka. Rukaya aliungua kimya.

Hospitalini Salha alimshika uso. "Mwanangu, nilikuwa hatua sita tu, mlangoni hapo. Mbona hukuniita?"

Rukaya akamwomba muuguzi kalamu kwa ishara. Akaandika nyuma ya cheti cha dawa: *Simu ilikuwa inarekodi.*

Hanifu akakisoma cheti kile. Akakaa chini palepale sakafuni, na watu wakawa wanamruka.

Chaneli aliifuta siku hiyohiyo. Swalihu amepona, anachechemea kidogo. Rukaya sasa ana miaka kumi. Madaktari wanasema koo lake ni zima, lakini hasemi. Kila alasiri Hanifu anakaa naye mkekani, mikono mitupu, anamwimbia kaswida ambayo yeye baba alikuja kujifunza kwangu. Anakosea mstari wa pili kila siku. Zamani Rukaya angemsahihisha asingoje amalize. Sasa anamsikiliza mpaka mwisho, kisha anainuka, anaingia ndani.

Video ya jogoo haikufutika, maana wengi walikwisha kuichukua. Bado inazunguka, bado watu wanacheka. Salha naye anayo kwenye simu yake. Huwa anaisikiliza akiwa peke yake jikoni, kwa sababu ndiyo sauti ya mwanawe pekee aliyobaki nayo.

Mafunzo

Mzazi, udhaifu wa mtoto umepewa wewe uusitiri. Usiutoe uani ukawaonyesha watu wasiojua hata jina la mtaa wako. Hao wakichoka wanaondoka, na wewe unabaki na mtoto.

Wewe unayetazama, kabla hujamtumia mwenzako kitu cha kucheka, kumbuka kwamba yule mtoto kesho atatumwa nyanya.

Na jirani mwenzangu, ukiona mtoto anafungwa kinywa, usikunje mkeka. Mimi niliukunja. Siku hizi nautandika kila alasiri, na pale mbele, mahali pa kiongozi, naacha nafasi ya mtu mmoja.