Usizime Leya ya Bomoa

Mtu yule Kalamu hakumchora. Angeapa mbele ya yeyote, maana mchora ramani anaijua mistari yake kama mama anavyokijua kilio cha mwanawe. Lakini asubuhi ile ya Jumatatu alikuwepo kwenye kioo cha kompyuta, ndani ya mchoro wa stoo kuukuu ya uani kwake: duara la kichwa na mabega mawili mapana, kama mtu anavyoonekana ukimtazama kutoka darini.

"Bosi, umechezea faili langu?" alipaza sauti.

Mhandisi, mwenye ofisi, alijibu kutoka chumba cha pili. "Nichezee ramani ya nyumba yako, bibie? Zangu mwenyewe zinanitoa jasho!"

Kalamu akacheka, akapuuza. Angejua, asingecheka.

Sasa nisikilizeni, msije mkaniuliza katikati. Ramani za siku hizi huchorwa kama vioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine: kuta kwenye kioo chake, milango chake, nyaya za umeme chake. Kioo kimoja ndiyo leya, na kila leya ina kitaa cha kuwasha na kuzima pembeni. Ukikizima, vilivyomo havionekani tena. Havijafutwa, vimefichwa tu.

Nyumba ile Kalamu aliachiwa na marehemu baba yake, akaishi humo na mama yake na bintiye wa miaka sita, waliyemwita Kidoti. Alitaka kuvunja stoo na kumjengea Kidoti chumba papo hapo. Basi stoo akaiweka kwenye leya aliyoiita Bomoa. Kisha akachora chumba kipya, dirisha, na kitanda kidogo cha mtoto, na kitanda hicho akakichora bila kuhama leya ya Bomoa. Ni kosa la kila siku, hakuna mchora ramani asiyelifanya. Mkono unakimbia, akili inabaki nyuma. Hakuligundua. Saa saba mchana akazima Bomoa ili aione nyumba mpya ikiwa safi, akachukua mkoba akaenda kula. Aliporudi aliiwasha, akaendelea na kazi.

Jioni Kidoti alirudi kutoka shule amenuna.

"Mwalimu alikuwa ananitafuta, na mimi nimekaa mbele yake," alisema. "Nikaitika, nikaitika! Wenzangu wote hawakunisikia."

"Ulijificha wewe, mtundu," Kalamu akamtania.

"Sikujificha! Mjomba mmoja tu ndiye alinisikia. Mrefu. Ananuka chokaa. Amesema mimi na yeye tunalala chumba kimoja."

Bibi yake Kidoti akaweka kijiko chini. Alingoja mtoto atoke, ndipo akanong'ona. "Mwanangu, baba yako hakuivunja ile stoo miaka yote, unadhani ni uvivu? Aliniambia ina mwenyewe."

"Mama, na wewe!"

"Haya. Mimi nimesema."

Usiku Kalamu hakupata usingizi, akawa anageuka tu kitandani. Kesho yake Kidoti hakupelekwa shule, akabaki na bibi yake. Kalamu alifika ofisini mapema, akafungua faili. Yule mtu hakuwa tena ndani ya stoo. Alikuwa amesimama kwenye chumba kipya, kichwa chake kimeinamia kitanda cha mtoto.

Kwa hofu alifanya kile ambacho mkono wake ulikizoea: akazima Bomoa ili asimwone. Mtu akatoweka. Na kitanda cha Kidoti kikatoweka pamoja naye.

Hapo ndipo alipoelewa kitanda alikichora leya gani. Simu ikalia.

"Mwanangu," mama yake alinong'ona, meno yakigongana. "Nilikuwa namsuka Kidoti, nywele zake mkononi mwangu, mara mikono ikabaki na hewa. Namsikia analia hapa hapa magotini kwangu na simwoni, nampapasa simpati, na harufu ya chokaa mbichi imejaa nyumba nzima mpaka macho yananiwasha, na kuna mtu anatembea ukumbini, anakwenda, anarudi, anakwenda, anarudi, na kila akirudi kilio cha mtoto kinasogea mbali nami kidogo, kinaelekea uani, jamani mwanangu, kinaelekea uani!"

Kalamu akawasha Bomoa. Kwa haraka alikikosa kitaa mara mbili kabla ya kukipata.

"Nimemwona!" mama yake akapiga kelele, kisha sauti ikashuka. "Yuko mlango wa nyuma. Ila ameshikwa mkono."

"Na nani? Mama! Na nani?"

Aliyejibu hakuwa mama yake. Ilikuwa sauti ya kiume, ya upole, kama ya mgeni anayejua adabu.

"Uliandika kwangu kwamba ni pa kubomoa, nikanyamaza. Ukaniwekea mtoto, nikashukuru. Leo unataka kuninyang'anya?"

"Niachie mwanangu. Nakuomba. Nakupigia magoti."

"Mchukue. Lakini ulishanionjesha kuwa na mwenzangu. Mimi silali peke yangu tena."

Kalamu hakufikiri mara mbili, na mama gani angefikiri? Akachora kitanda cha pili pale kwenye Bomoa, kirefu, cha mtu mzima, juu yake akaandika jina lake mwenyewe. Ndipo akakihamishia kitanda cha Kidoti kwenye leya ya samani. Kwenye simu akamsikia mama yake akilia na kumshukuru Mungu, na Kidoti akilalamika kwamba bibi anambana. Kalamu akaegemea meza, akalia pamoja nao. Alikuwa na hofu, lakini moyo ulikuwa mweupe.

Tangu siku ile leya ya Bomoa haikuzimwa. Stoo haivunjwi tena, aliapa. Alibandika karatasi juu ya kompyuta yake, USIZIME, na akamwambia bosi.

"Fanya lolote kwenye faili langu, lakini Bomoa usiiguse."

"Sawa, bibie. Nyinyi wachoraji mna mambo."

Siku tatu alikuwa mtu wa kushtuka. Mlango ukilia, anashtuka. Kila nusu saa anafungua faili kuangalia kitaa. Kula hali, na wakimwuliza anasema tumbo.

Mhandisi alikuwa mtu mwema, na alimwona msaidizi wake anavyokonda. Akadhani ni mawazo ya ujenzi. Ijumaa, bila kumwambia, akafungua faili lile kwenye kompyuta yake mwenyewe ili ampelekee ramani manispaa. Na manispaa hawataki kuona vya kubomolewa kwenye ramani ya nyumba mpya; kila mtu wa kazi hii anajua. Akafanya alivyofanya miaka ishirini. Akili yake haikukumbuka kabisa, mkono ukazima.

Kalamu alisikia printa ikianza kuvuta karatasi. Akakimbilia chumba cha pili.

"Bosi, washa! Washa Bomoa!"

Mhandisi akainua kichwa, akatazama mlangoni, akatazama saa. "Kalamu!" aliita. "Njoo uone zawadi yako! Ah, huyu naye katoka bila kuaga."

"Niko hapa! Bosi, niko hapa!"

Alikamata kipanya cha kompyuta, lakini mshale kwenye kioo haukusogea hata kidogo. Mhandisi akahifadhi faili, akalifunga, akakunja ramani akaondoka akipiga mluzi.

Kalamu alikwenda nyumbani kwa miguu, akipishana na watu wasiompisha. Akabisha mlango kwa nguvu zake zote. Ukafunguliwa, akatokea Kidoti, nywele zimesukwa vizuri, anaonekana wazi kama jua la mchana. Kalamu akapiga magoti mbele yake, akamwita mwanangu, akamwita kipenzi, akamwita mama.

Kidoti alichungulia kushoto na kulia. "Bibi, hakuna mtu."

"Funga basi, vumbi linaingia. Mama yako atafika sasa hivi."

Mlango ukafungwa taratibu, akasikia komeo likisukumwa ndani. Kalamu akainua mkono abishe tena. Harufu ya chokaa mbichi ikamjia kisogoni, na kiganja cha baridi kikamshika bega kwa adabu.

"Usibishe tena," sauti ilisema. "Kwetu ni huku nyuma."