Kiti Kilichotazama Ukuta

Kila Jumamosi Chiriku aliandamana na mama yake, mhudumu wa makao ya wazee, kwenda kazini. Alifagia baraza, akagawa chai, kisha akasukuma viti vya magurudumu kutoka vyumbani hadi nje. Alikuwa na miaka kumi na miwili na mikono hodari, na jina la Chiriku alilipata kwa sababu ya mdomo wake.

Aliyemchosha ni mmoja tu, bibi ambaye watoto walimwita Kamanda.

"Nisogeze, mjukuu wangu. Si hapo, pale, nilione lango."

"Huyu kazi yake kutuma watu tu," alinong'ona binti wa mpishi, aliyekuwa akisubiri na kamba ya kuruka. "Mgeuze autume ukuta!"

Chiriku akacheka. Alikigeuza kiti mpaka magoti ya Bibi yakakaribia kugusa ukuta, akabana breki zote mbili. Alijua fika kwamba vidole vile vilivyopindwa na ugonjwa wa viungo havingeweza kuzifungua.

"Nigeuze, mjukuu wangu. Leo ni Jumamosi."

"Ndiyo, Bibi. Na kesho Jumapili."

Binti wa mpishi alishika mbavu kwa kicheko. Wakaenda kuruka kamba huku wakiimba. Pikapu ya mboga ikafika langoni, ikapiga honi, ikashusha magunia, ikaondoka. Bibi aliita mpaka sauti ikamkauka. Tuseme ukweli: walimsikia, wakaimba kwa nguvu zaidi.

Mama alimkuta shingo imekakamaa na nguo zimelowa, maana hakuna aliyempeleka msalani.

"Alitaka mwenyewe kukaa hapo," Chiriku alisema, macho makavu. Bibi alifumba macho.

Jumamosi iliyofuata pikapu ilirudi. Bibi aliinua kitambaa chake cheupe kama kawaida, lakini kiti cha kando ya dereva kilikuwa kitupu. Mama akauliza kulikoni.

"Bibi yangu amesusa," alisema dereva, akamwonyesha Bibi Kamanda kwa kidole. "Huyu ni dada yake. Miguu haiwabebi wote wawili, basi huonana hapa tu ninaposhusha mboga, wakapungiana vitambaa. Wiki iliyopita dada mtu alimpa kisogo. Alilia njia nzima."

Kitambaa kilimwanguka Bibi Kamanda mapajani. Hakulia. Alimtazama Chiriku tu, na macho yale yaliuma kuliko fimbo.

"Ni mimi, Mama," Chiriku alisema. "Nilimgeuza nikabana breki. Halafu nikakudanganya."

Mama hakumpiga. Alimkalisha kwenye kiti kingine cha magurudumu, akamsukuma hadi ukutani, akabana breki na kumwamuru asiinue mikono. Nzi akatua puani pake, akatembea apendavyo. Nyuma yake binti wa mpishi alikuwa amepata mwenzake mwingine wa kuruka kamba, naye alicheka vilevile. Chiriku alikaa hivyo mpaka gunia la mwisho liliposhushwa.

"Sasa panda gari," Mama alisema. "Kamwambie dada yake kwa mdomo wako."

Nyumbani kwake, bibi yule wa pili hakumpokea kwa tabasamu. Alimwita mtoto mwovu, akamtaka arudie maneno yake polepole, majirani wasikie. Chiriku alirudia huku machozi yakimtiririka. Ndipo bibi akaagiza kitambaa chake kifuliwe.

Wiki iliyofuata vitambaa viwili vilipepea, kimoja garini, kingine barazani.

"Unaona?" Mama alimwambia Chiriku. "Kiti kile ni miguu yake. Nguvu zako ni za kumsaidia asiyenazo. Ukizitumia kumfunga, hata kwa mzaha, huo ni ukatili, na ukiuficha kwa uongo, unamtesa mara mbili."

Chiriku aliinama mbele ya kiti. "Bibi, nikusogeze wapi?"

"Hapahapa. Lango naliona." Bibi Kamanda hakugeuza uso. "Bana breki. Halafu toa mkono wako kwenye kiti changu."

Chiriku akabana breki, akautoa mkono.